Papa, ninunue hisa gani?



Swali hilo niliulizwa Jumapili moja baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa letu hapa Lubumbashi. Aliyeniuliza ni dada mmoja wa kundi la vijana, mshonaji wa nguo, ambaye kwa muda wa miezi kumi na minne alikuwa amejinyima mpaka akafikisha akiba ya dola 100. Alikuwa amesikia kwamba mabenki mengine tunayopita mbele yake kila siku mjini yana hisa zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam, na kwamba mtu yeyote mwenye fedha kidogo anaweza kuwa mmoja wa wenye mali. Nyuma yake walisimama vijana wengine watano au sita. Mmoja alitaka kujua kama ni dhambi. Mwingine aliuliza kama ni kweli dola zinaweza kuongezeka asilimia tatu kila siku. Wa tatu hakuuliza neno, alionyesha tu simu yake, na juu ya kioo mstari wa kijani ulikuwa ukipanda.

Siku ile sikuwajibu vema. Nilisema maneno mawili matatu ya busara ya jumla, wakaitikia kwa adabu, wakaenda zao. Ningenyamaza hata leo, kama isingekuwa kwamba komite ya vijana wetu ina dola 860 katika sanduku, jasho la mwaka mzima wa kuuza sabuni na mandazi, na kwamba mmoja wa wanakomite ameomba fedha hiyo yote ipelekwe "kwenye soko" kwa miezi mitatu ili irudi mara mbili. Fedha hiyo ilikusanywa kwa kusudi moja: kununua mashine za kushona kwa ajili ya wasichana walioacha shule. Kabla komite haijaamua, nawaomba mnisikilize.

Nianze na yule aliyeuliza kama ni dhambi, kwa maana wazee wengi wa parokia zetu wamekwisha kumjibu kwamba hisa ni karata, na mkristo hachezi karata. Nawaheshimu wazee hao, lakini katika jambo hili nadhani wanachanganya vitu viwili. Hisa, ambayo wengi wenu mnaiita aksiyo, ni kipande cha umiliki wa kampuni. Ukiwa na hisa moja ya kampuni yenye hisa milioni, wewe ni mwenye sehemu moja ya milioni ya kila kitu chake: majengo yake, madeni yake, faida yake na hasara yake. Kampuni ikipata faida na wakuu wake wakaamua kuigawa, unapokea fungu lako, linaloitwa gawio. Kampuni ikifa, kipande chako kinakufa nayo. Katika karata, fedha ya mmoja inahamia mfuko wa mwingine na hakuna gunia hata moja la unga lililozaliwa kati yao. Katika kampuni iliyo hai, watu wamefanya kazi, kitu kimetengenezwa, na faida imetoka humo.

Tofauti hiyo Kanisa liliiona zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikataa kwa ukali riba ya mkopo, lakini papo hapo alifundisha kwamba mtu aliyemkabidhi mfanyabiashara au fundi fedha yake kwa njia ya ushirika, naye akabaki kuwa mwenye fedha hiyo na kubeba hatari ya kuipoteza, anaweza kudai kwa haki sehemu ya faida. Mwaka 1745 Baba Mtakatifu Benedikto wa 14, katika waraka wake juu ya riba, alirudia katazo la kale na kukiri vilevile kwamba kuna mikataba mingine ya haki ambayo kwayo fedha huzaa. Shina la mafundisho hayo ni kule kubeba hatari pamoja. Anayeshiriki hasara anayo haki ya kushiriki mavuno. Kwa hiyo, mpenzi kijana, kumiliki hisa peke yake si dhambi.

Hata hivyo wazee hawakukosea kabisa. Yupo anayenunua hisa asubuhi na kuiuza jioni bila kujua hata kampuni ile inatengeneza nini, akifuata tu ule mstari wa kijani. Huyo amerudi kwenye karata, ingawa amevaa koti la mwenye hisa.

Sasa tutazame mahali tulipo. Nchi yetu haina soko la hisa mpaka ninapoandika maneno haya. Kenya inalo tangu mwaka 1954. Masoko ya Kampala na Dar es Salaam yalianza kuuza na kununua mwaka 1998, na lile la Kigali mwaka 2011. Sisi, wenye shaba na kobalti, hatuna. Lakini isidhaniwe kwamba hisa ni jambo geni katika udongo huu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga, hisa zake ziliuzwa katika soko la Brussels. Babu zetu walichimba, na gawio lililipwa ng'ambo. Na leo? Kampuni yenye migodi ya Kamoto na Mutanda kule Kolwezi, yaani Glencore, hisa zake ziko London. Ivanhoe Mines, wenye sehemu katika Kamoa-Kakula, wako Toronto. CMOC, wenye sehemu kubwa katika Tenke Fungurume, wako Hong Kong na Shanghai. Mwalimu aliyestaafu huko Kanada anaweza kuwa na kipande cha mgodi ulio kilomita chache kutoka nyumba ya shangazi yako, na shangazi yako asiwe nacho.

Hata mabenki yetu yamefungwa kamba na masoko ya jirani. EquityBCDC, ambayo mzizi wake mmoja ni benki ya kikoloni ya mwaka 1909, ni ya Equity Group, iliyoingia katika soko la Nairobi mwaka 2006. Trust Merchant Bank ilizaliwa hapa Lubumbashi, na mwaka 2022 sehemu yake kubwa ilinunuliwa na KCB ya Kenya. CRDB ya Tanzania, ambayo hisa zake ziko Dar es Salaam, ilifika katika mji huu mwaka 2023. Dada mshonaji hakukosea aliposema kwamba akiba yake na ya jirani zake inasaidia kuzaa faida ambayo wengine wanaigawana. Swali lake ni la haki. Mimi ningependa siku moja kijana wa Katanga aweze kununua kipande cha kampuni ya Katanga bila kuvuka mpaka, na sioni sababu ya walei wakatoliki kuwaachia wengine kulidai jambo hilo.

Ila kabla ya kuuliza hisa gani itapanda, mkristo ana swali linalotangulia: kampuni hii inaishi kwa nini? Katika waraka wake Centesimus annus wa mwaka 1991, Mtakatifu Yohane Paulo wa 2 alifundisha kwamba kuchagua kuweka mtaji mahali hapa au pale, katika kazi hii au ile, ni uchaguzi wa kiadili siku zote. Sisi wakongomani tunaye shahidi wa jambo hilo, naye ni msimamizi wa walei. Mwenye Heri Isidore Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi katika kampuni ya kibelgiji iliyovuna utomvu wa mpira na pembe za ndovu katika misitu ya Equateur. Alipigwa fimbo na msimamizi wake kwa sababu ya skapulari aliyovaa, vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Kampuni ile ilikuwa kampuni ya wenye hisa. Nimewaza mara nyingi juu ya watu hao. Pengine walikuwa watu wema, waliokwenda Misa, waliopenda watoto wao, na ambao hawakumwona Bakanja hata siku moja. Walichokiona ni gawio mwishoni mwa mwaka. Hisa ina hatari hiyo ya pekee: inakupa faida na kukuficha mkono ulioileta.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mwenye dola 100 hana haja ya kuuliza maswali ya namna hiyo, eti sauti yake ni ndogo mno. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni, naye alikuwa na saini moja tu. Mwaka 2022 Akademi ya Kipapa ya Sayansi za Jamii ilitoa maandishi yaitwayo Mensuram Bonam ili kuwasaidia waamini kupima mitaji yao kwa imani. Yanawahimiza waamini kuepuka kampuni zinazoharibu uhai na heshima ya mtu, na vilevile kutumia nafasi ya mwenye hisa kuuliza na kudai. Mwenye hisa anaalikwa katika mkutano wa mwaka. Hata mwenye hisa kumi anaweza kusimama na kuuliza maji ya mto yanayopita karibu na mgodi yana nini ndani yake.

Narudi kwa dada mshonaji na dola zake 100, kwani yeye hakuja kuuliza juu ya historia. Nilipopata nafasi ya kuketi naye tena, nilimwuliza maswali matatu. La kwanza, una deni? Akasema anadaiwa dola 30 na mama mmoja wa soko, na kila mwezi anaongeza dola 3 juu yake. Tupige hesabu: dola 3 kwa mwezi ni dola 36 kwa mwaka kwa deni la dola 30, yaani zaidi ya asilimia 100. Hakuna kampuni iliyoandikwa Nairobi wala New York inayoweza kukuahidi faida ya namna hiyo. Kwa hiyo mtaji wake wa kwanza ni kulipa deni. Siku atakapolimaliza, atakuwa ameanza kupata dola 3 kila mwezi bila hatari yoyote.

La pili, ukiugua kesho, nani atalipa hospitali? Akanyamaza. Fedha ambayo huenda ukaihitaji kesho haipaswi kuwa katika kitu kinachopanda na kushuka, kwa maana ugonjwa hauchagui siku ya bei nzuri. Na sisi tunajua zaidi ya wengine kwamba si ugonjwa tu unaokuja bila kubisha. Mwaka 2025 ndugu zetu wa Goma na Bukavu waliona milango ya mabenki ikifungwa kwa sababu ya vita, na mtu aliyekuwa na fedha halali katika daftari lake akakosa ya kununua unga.

La tatu, fedha hiyo itafikaje huko? Ili kununua hisa Nairobi unahitaji dalali aliyeandikishwa, akaunti ya hisa kwa jina lako mwenyewe, na njia ya kupeleka fedha. Tuseme kuipeleka kunakugharimu dola 25. Kati ya dola 100 zimebaki 75, na dalali hajapata ada yake. Ili urudi pale ulipoanza, 75 hizo lazima ziongezeke kwa theluthi moja, na bado siku ya kuzirudisha utalipa tena. Kwa fedha kidogo, gharama ya njia inakula safari yote. Mwenye dola 5,000 analipa dola 25 zilezile na hazimwumi. Jambo hili linanikera, nakiri, kwa kuwa soko linajisifu kuwa wazi kwa wote na kizingiti chake ni cha juu kwa maskini. Lakini kukereka hakubadili hesabu.

Akaniuliza: Papa, na kama siku moja nikiwa nazo za kutosha, niweke katika kampuni moja nzuri au nyingi? Hapo nilimkumbusha kitu ambacho kila nyumba ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inakijua. Wazee wetu walisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama, na kazi maana yake ilikuwa Gécamines. Mshahara ulitoka humo. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya watoto ya kampuni, hospitali ya kampuni, hata unga wa mwezi ulitoka kwa kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Nani angeweza kumwambia mfanyakazi wa wakati ule kwamba yuko hatarini? Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi ikatikisika, na kufikia mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliokuwa wakingoja mishahara yao miezi mingi walipokea fedha ya kuondoka, na kwa nyumba nyingi siku hiyo mshahara, shule, dawa na posho vilikwisha pamoja. Hawakuwa wavivu wala wapumbavu. Kila kitu chao kilisimama juu ya mguu mmoja.

Ndiyo maana asiyejua kampuni gani itasimama miaka ishirini, yaani kila mtu, hugawa mtaji wake. Anaugawa kati ya kampuni za kazi mbalimbali, kati ya nchi mbalimbali, na kati ya hisa na vitu vyenye mwendo wa utulivu zaidi, kama hati za hazina ambazo kwazo Serikali hukopa kwa muda maalum. Serikali yetu ilianza tena kuuza hati hizo mwaka 2019, kwa minada inayopitia mabenki. Mhubiri katika Agano la Kale alikwisha kushauri mtu agawe fungu lake sehemu saba na hata nane, kwa kuwa hajui baya litakalotokea duniani. Na kijana anayefanya kazi katika mgodi, akiwa na fedha ya kununua hisa, asinunue za mgodi uleule. Bei ya shaba ikianguka atapoteza kazi na akiba wiki moja.

Walio Kivu wana mfano mzuri kuliko wangu. Katika mituweli zao za mshikamano, zile wanazoziita muso, kuna sanduku la kijani la akiba na mikopo, sanduku jekundu la msaada wakati wa ugonjwa na msiba, na la buluu kwa fedha inayotoka nje. Hakuna anayeruhusiwa kuchukua fedha ya msiba aifanyie biashara. Akina mama ambao hawajawahi kusikia neno soko la hisa wanajua kanuni ambayo wenye shahada huisahau: kila fedha ina kazi yake na muda wake, na kwanza ujue kazi na muda, kisha ndipo uchague sanduku.

Juu ya bei kupanda na kushuka, nitasema kwa mfano mmoja tu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza kwa wananchi robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, kwa shilingi 5 kila hisa. Watu walipanga foleni. Wengi walikopa benki ili wanunue. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne, hivyo wengi walipata kidogo, wakarudishiwa fedha iliyobaki huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa. Katika mwaka mmoja bei ilishuka chini ya shilingi 3. Aliyekopa alilazimika kuuza kwa hasara. Asiyekopa aliweza kungoja, na mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Lakini aliyenunua kwa 40 mwaka huo, akivutiwa na wimbo wa wale wa 2008, mwishoni mwa 2023 aliiona chini ya 15. Kampuni ni ileile, na kila mmoja ana hadithi yake kulingana na siku aliyoingia na fedha aliyoingia nayo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua hisa chache kupitia jamaa yetu aliye Nairobi. Zilipopoteza nusu ya bei niliuza kwa hofu, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa hesabu za kampuni. Kosa lilikuwa langu. Nilinunua bila kujua kwa nini, basi sikuwa na sababu ya kubaki.

Tena sisi tunaohesabu kwa dola tunasahau shilingi. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 101 za Kenya. Januari 2024 ilikaribia 160. Hisa ambayo bei yake kwa shilingi haikusogea hata kidogo ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi moja kwa mtu wa Lubumbashi. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, na aliyengoja alirudishiwa sehemu. Watu waliozaliwa katika nchi ambayo mwaka 1993 ilifuta zaire milioni 3 na kuandika zaire mpya 1 hawahitaji kufundishwa sana kwamba fedha yenyewe ni kitu kinachoweza kufa.

Nimebakiza yule kijana wa mstari wa kijani. Kundi lake la WhatsApp linaahidi asilimia 3 kila siku, na wakuu wa kundi husema ni hisa za Marekani zinazouzwa na mashine yenye akili. Ndugu yangu, chukua kalamu. Dola 100 zikiongezeka asilimia 3 kila siku, na faida ikiachwa humo, baada ya siku 365 zinakuwa zaidi ya dola milioni 4.8. Mwaka wa pili zinapita dola bilioni 230, nazo ni nyingi kuliko mapato ya taifa letu zima. Kama mtu angekuwa na mashine hiyo, angekuwa na haja gani ya dola 100 za mwana wa fundi seremala wa Kenya, namaanisha Kenya komine yetu? Kinachopanda katika simu yako ni picha. Fedha unayoonyeshwa kuwa faida ya wa kwanza ni fedha ya aliyeingia jana. Kinshasa walikwisha kupita njia hiyo mwaka 1991, wakati Bindo Promotion na wenzake walipokusanya akiba za watu kwa ahadi za faida zisizosikika. Watu waliuza vitu vya nyumbani ili waingie, na yote yakaanguka katika miezi michache. Wakati ule ilikuwa foleni na karatasi, leo ni simu. Kilichoongezeka ni kwamba leo anayekualika ni rafiki wa kwaya, naye analipwa kwa kila jina analoleta, na anaamini kabisa kwamba anakutendea mema.

Ndiyo maana jambo la dola 860 haliwezi kuachwa kwa ukarimu tu. Mwanakomite aliyetoa pendekezo si mwizi. Ninamjua, ameihudumia altare tangu utoto. Amewaona wasichana wakingoja karakana mwaka mzima, na fedha haifiki dola 900 zinazohitajika kwa mashine tano za dola 180, akatafuta njia fupi kwa moyo safi. Lakini namwambia mbele yenu wote: hata kama soko lenyewe lingekuwa la kweli, hata kama zingekuwa hisa za benki thabiti kuliko zote za Afrika ya Mashariki, fedha hiyo haipaswi kwenda huko. Ina kazi yake tayari, na muda wake ni mwezi ujao. Tena si yake. Mtu anaweza kuhatarisha koti lake mwenyewe. Koti aliloazimwa alirudishe kama alivyolipokea. Kila aliyenunua kipande cha sabuni mlangoni pa kanisa alinunua kwa sababu aliambiwa juu ya wasichana hao, naye hakuulizwa kama anakubali fedha yake ipelekwe London.

Najua nitaambiwa mfano wa talanta katika Injili ya Matayo, na mtumishi aliyelaumiwa kwa kufukia fedha ardhini. Huo ni mfano unaotumiwa kila mara mtu anapotaka kucheza na fedha ya kanisa. Someni tena. Bwana aliwakabidhi watumishi mali ili waifanyie kazi, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, naye aliporudi alitaka hesabu. Mashine nne za kushona zinazozunguka kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa si talanta iliyofukiwa. Mshonaji wetu wa dola 100 amehesabu kwamba mashine moja, kwa kushona sare za shule kati ya Julai na Septemba, inaweza kurudisha bei yake kabla ya Noeli. Hesabu zake nimezipitia, sikuona kosa.

Kwa wale wanaotaka kujifunza mambo ya hisa, na ningependa muwe wengi, nimependekeza tukutane kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tutachukua taarifa ya mwaka ya kampuni moja inayofanya kazi katika jimbo letu na kuisoma ukurasa kwa ukurasa: imeuza nini, inadaiwa na nani, imelipa kodi gani, imeumiza wafanyakazi wangapi. Hakuna atakayeleta fedha. Baada ya mwaka mmoja, mwenye akiba yake mwenyewe isiyo na deni wala kazi nyingine ataamua.

Komite inakutana Jumapili ijayo, saa tano, katika chumba cha katekesi. Bei ya mashine nne imekwisha kuulizwa: dola 720. Zinazobaki ni 140, za vitambaa, nyuzi na mafuta ya mashine. Ya tano itangoja mandazi ya mwaka ujao.